Anza na deni la mfanyabiashara wako, ndipo umjengee nyumba

Mama yangu alisoma kurasa arobaini za kwanza za hadithi yangu akiwa dukani, ameketi nyuma ya meza, miwani imeshuka puani. Mteja akiingia, alizisukuma karatasi chini ya jora la kitambaa, akapima, akakata, akapokea pesa, kisha akazitoa tena. Alipomaliza aliniambia, "Mwanangu, huyu tajiri wako anamdai nani? Na yeye anadaiwa na nani?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeandika mfanyabiashara wa nchi ya kubuni, mwenye joho la hariri, vyombo vitatu majini na mfuko wa dhahabu usiopungua. Mke alikuwa naye, lakini mke huyo alitokea mara mbili tu, na mara zote mbili alikuwa anaandaa chakula. Nami ni mtoto wa duka. Nimekaa na mama kwenye duka la vitambaa Ngamiani, Tanga, tangu nikiwa darasa la tano, na najua jinsi daftari la mkopo linavyoinyamazisha nyumba nzima mwisho wa mwezi. Nilipoanza kutunga, yote hayo niliyaacha mlangoni.

Tangu siku hiyo nimemjenga upya. Sasa anaitwa Tembwe, anauza chumvi, anaishi mji wa Kisondwe ukingoni mwa Ziwa Pwamu, mahali utakapopatafuta kwenye ramani zote usipaone. Haya niliyojifunza kwa kumjenga nayaandika kwa yeyote anayetaka kutunga mfanyabiashara wa dunia isiyokuwepo, awe wa hadithi, wa mchezo, au wa kuwasimulia watoto usiku.

Tafuta kwanza kinachomzuia kuondoka

Kila biashara ya mbali ina kitu kinachoipangia kalenda. Pwani yetu kilikuwa upepo. Kaskazi ikishavuma, kuanzia Novemba au Desemba hadi Machi, vyombo viliteremka kutoka Uarabuni na Ghuba na tende, mazulia na samaki wa chumvi. Kusi ikishika, kuanzia Aprili, vikarudi na boriti za mikoko. Katikati ni tanga mbili, wakati ambao upepo hauna mwelekeo wa kuutegemea. Nahodha aliyechelewa kumaliza shughuli zake alikaa mpaka msimu mwingine.

Ukidhani hayo ni mambo ya mabaharia peke yao utakosa nusu ya hadithi. Kalenda hiyo iliamua harusi ifungwe lini, deni lilipwe lini, mtoto azaliwe baba yuko wapi. Baba yangu alikuwa akipeleka vitunguu na viazi vya Lushoto Pemba kwa jahazi. Kwenda Wete kwa upepo mzuri ni safari ya usiku mmoja. Mwaka mmoja, mwishoni mwa Machi, upepo ulikufa wakiwa katikati ya mkondo, wakaelea siku nne. Viazi vilioza, maji yake yakavishukia vitunguu. Siku zile nne mama hakulia wala hakwenda bandarini kuuliza. Alikaa na daftari akihesabu ni nani wangekuja kudai wiki ile na kwa utaratibu gani. Siku ya tano, kabla baba hajashuka chomboni, alikuwa ameshauza bangili zake mbili.

Kwa hiyo kabla hujamvika mtu wako nguo, mtafutie upepo wake. Si lazima uwe upepo. Unaweza kuwa mto unaofurika, mlima unaozibwa na theluji, mwezi ambao wanyama wa mzigo wanazaa, au mfalme anayefunga malango siku arobaini kila anapofiwa. Ziwa Pwamu nimelipa miezi mitano ya upepo uendao machweo, watu wanauita mpeleko. Mwezi mmoja hauvumi kabisa, ni kimya. Kisha miezi mitano ya mrejeo, na kimya tena. Tembwe anaondoka na mpeleko, na akishafika ng'ambo hawezi kurudi mpaka mrejeo uanze. Nilipoandika sentensi hiyo moja nilipata mambo matatu ambayo sikuyatafuta: mke anayeongoza nyumba karibu nusu mwaka, nyumba ya pili ng'ambo, na habari zinazofika zikiwa zimechelewa.

Mpe bidhaa moja, uijue mpaka harufu yake

Usimfanye muuza kila kitu. Chagua kitu kimoja, kisha ujiulize kinaharibikaje, kinapimwaje, kinadanganywaje. Chumvi hunyonya unyevu, huongezeka uzito siku za mvua na kupungua siku za jua, hula kuta na misumari. Mnunuzi mjuzi huiweka ulimini kuona kama imechanganywa na mchanga. Mtoto wa muuza chumvi ana mikono iliyopasuka. Hayo yote yalikuja kwa kukaa na kitu kimoja muda mrefu.

Vipimo ndivyo vinavyoifanya dunia ya kubuni ionekane ina wazee wake. Pwani nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, na pishi ni vibaba vinne. Pembe za ndovu na karafuu zilipimwa kwa frasila, kama kilo 16 hivi. Kitambaa kilikwenda kwa mikono: shuka mikono minne, doti mikono minane. Jiulize, mkono wa nani? Mama alikuwa na mteja mmoja mrefu sana aliyependa kupima kwa mkono wake mwenyewe, na mama alimwacha apime, halafu akapanga bei kwa mkono huo. Katika Kisondwe kikapu cha chumvi hujazwa na muuzaji lakini husawazishwa juu na mnunuzi kwa kiganja, na kila mtu mjini anajua nani ana kiganja kizito.

Na majina ya bidhaa yana safari zake. Merikani, lile pamba jeupe ghafi lililovaliwa na kutumika kama fedha mpaka Unyamwezi, liliitwa hivyo kwa kuwa wafanyabiashara wa Marekani ndio waliolileta Unguja katika karne ya 19. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopiga Marekani, 1861 hadi 1865, kitambaa hicho kikaadimika, na vya Uingereza na India vikachukua nafasi. Fikiri mtu wa Tabora anayeona jora la kitambaa chake limebadilika kwa sababu ya vita vya nchi ambayo hajui iko upande gani. Dunia yako ikiwa na kitu kimoja tu cha namna hiyo, itakuwa kubwa kuliko ramani uliyoichora. Ushanga nao ulikuwa hivyo hivyo: rangi iliyogombewa mji huu ilikataliwa mji unaofuata, na misafara ilijikuta na mizigo isiyonunua hata kuku. Mfanyabiashara wako na ajue mitindo ya wanawake wa mahali ambapo hajafika.

Piga hesabu ya safari moja, mpaka mwisho

Hapa ndipo nitakapokuchosha, na nakuomba uvumilie, kwa sababu watunzi wengi huruka hatua hii na ndiyo iliyonifungulia kitabu kizima. Chukua karatasi. Andika safari moja kwa tarakimu.

Fedha ya Kisondwe ni pete za shaba. Tembwe ananunua vikapu 200 vya chumvi kwa pete 3 kila kimoja: pete 600. Hana chombo, analipa nauli pete 1 kwa kikapu: 200. Bandari ya ng'ambo inachukua kikapu kimoja katika kila kumi: 20 vimekwenda. Unyevu umeharibu 15. Vimebaki 165, anauza kwa pete 9: pete 1,485. Ukitoa 600 na 200, faida ni 685. Mtu asiyejua biashara atasema huyu ametajirika.

Lakini zile pete 800 za mwanzo si zake. Ni za Mzee Ngole, jirani mwenye fedha asiyepanda chombo. Mapatano yao ni ya kale, na yako katika desturi nyingi za kweli: mmoja atoe mtaji, mwingine atoe mwili, faida wagawane, mali ikizama mwenye mtaji apoteze fedha na msafiri apoteze jasho lake. Kwa Kiislamu huitwa mudharaba. Tembwe na Ngole wanagawana nusu kwa nusu, kwa hiyo Tembwe anapata 342 na nusu. Nyumba ya Kisondwe inakula pete 20 kwa mwezi: 240 kwa mwaka. Nyumba ya ng'ambo, miezi mitano kwa pete 12: 60. Imebaki pete 42 na nusu, na mwaka umekwisha.

Sasa binti yake Tunu anaposwa. Desturi ya Kisondwe nimeiazima Lamu, ambako familia za nyumba za mawe zilimwandalia binti sehemu yake katika nyumba na mume akahamia kwake. Kumjengea Tunu chumba na ngazi yake ni pete 200. Baba ana 42 na nusu.

Sikulazimika tena kutafuta kisa. Akope kwa nani? Auze nini? Adanganye kwamba vikapu 15 vilivyoharibika vilikuwa 40? Mzee Ngole atajuaje? Mkewe atajuaje? Hesabu imemweka mtu wangu mahali ambapo kila mlango una gharama, na mimi nimefuata tu.

Unapoandika madeni, kumbuka kwamba ni mnyororo. Katika biashara ya Unguja mtu wa msafara alichukua mali kauli, yaani bidhaa kwa neno lake, akaahidi pembe atakaporudi. Hamed bin Muhammed, mfanyabiashara wa misafara ya pembe anayejulikana kwa jina la Tippu Tip, alikopeshwa na tajiri wa Kihindi Taria Topan. Mfanyabiashara wako ni pete moja katikati ya mnyororo huo. Mwandikie mdai mmoja na wadeni watatu, wote wawe na majina. Daftari la mama halikuwa na majina ya vyeti. Lilikuwa na "mama wa cherehani, doti mbili, Alhamisi" na "shemeji wa fundi baiskeli, msiba, usimdai." Hilo neno la mwisho lina hadithi ndefu kuliko sura nzima niliyoandika mwaka wa kwanza.

Chora nyumba kwa kuuliza mgeni anafika wapi

Nyumba ya mfanyabiashara ni mahali pa kazi kabla ya kuwa mahali pa kulala. Nimekaa Lamu mara mbili nikizitazama nyumba kongwe za mawe, na zimenifundisha kuliko mtu yeyote. Nje, mlangoni, kuna daka lenye viti vya mawe. Mtu usiyemjua anaishia hapo, anakaa kwenye kivuli, anapewa maji na mazungumzo. Ukiingia, njia inapinda, ili mpita njia asione ndani hata mlango ukiwa wazi. Kisha kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, kisha misana, kumbi ndefu nyembamba, kisha ndani kabisa, kwa wenyewe, ambako ukuta una zidaka za kuwekea vyombo vizuri. Mgeni wa biashara aliyekuja na upepo alikuwa na sabule, chumba chake mwenyewe, ili akae miezi ndani ya nyumba bila kukutana na watu wa ndani.

Fanya hivyo na nyumba yako hata kama ni hema au pango. Mdai anafika wapi? Mbia anafika wapi? Mkwe? Mtu akivuka mpaka mmoja zaidi ya anaostahili, umepata tukio bila kupiga kelele. Sura yangu ya saba ni Mzee Ngole anayepita daka bila kuketi. Hafanyi lolote lingine. Wasomaji wawili walioisoma waliniambia mioyo iliwaenda mbio hapo.

Nyumba ya Tembwe ina bohari chini. Chumvi imekula ukuta mpaka umekuwa kama mkate uliotafunwa na panya. Hakuna anayeruhusiwa kumwaga maji karibu, hata ya kutawadhia wazee. Tunu analala juu ya bohari, na tangu utoto amelala akisikia vikapu vikihesabiwa kwa sauti chini yake, kwa hiyo anajua hali ya nyumba kabla ya mama yake. Ufunguo wa bohari ni mmoja. Amua mapema anaushika nani, maana nyumba nzima inazunguka hapo.

Mke anayebaki ndiye mfanyabiashara wa pili

Karibu miaka 3,900 iliyopita, wafanyabiashara wa mji wa Assur, katika Iraki ya leo, walipeleka bati na vitambaa kwa misafara ya punda hadi Kanesh, katika Uturuki ya leo, mwendo wa kilomita kama 1,000. Barua zao ziliandikwa kwenye vigae vya udongo na maelfu yamefukuliwa. Ndani yake wamo wanawake. Lamassi, mke wa Pushu-ken, alibaki Assur akifuma na kusimamia vitambaa vilivyopelekwa kuuzwa huko aliko mume. Alimwandikia kuhusu bei, kuhusu vipimo vya kitambaa, na katika barua moja akamlalamikia kwamba tangu aondoke, mtu wanayemjua ameshajenga nyumba mara mbili. Wao watajenga lini?

Niliposoma habari yake nilimwona mama. Yule anayekaa nyumbani ndiye anayekutana na wadai uso kwa uso, ndiye anayejua bei ya leo wakati mume ana bei ya miezi mitano iliyopita. Mke wa Tembwe anaitwa Sijaona. Nilimwandika kwa kujiuliza maswali matatu: ana mali gani iliyo yake peke yake? Uamuzi gani anaweza kuufanya bila kumngoja mume? Uamuzi gani haruhusiwi, naye ameshaufanya? Ukijibu la tatu, mwanamke huyo atasimama mwenyewe na hutamweka tena jikoni kukusubiri.

Usimfanye mtakatifu, tafadhali. Sijaona ana wivu, anapunja kiganja kidogo, na hajamsamehe mama mkwe wake neno alilolisema siku ya harusi.

Nyumba ya pili

Mtu anayefungwa na upepo miezi mitano ataishi mahali. Abraham Ben Yiju, Myahudi aliyetoka Mahdia, Tunisia, alifanya biashara Mangalore, India, miaka mingi ya karne ya 12. Mwaka 1132 alimpa uhuru mwanamke wa Kihindi aitwaye Ashu, akazaa naye. Alirudi Aden mwaka 1149 na watoto wake, na baadaye akamwoza binti yake kwa mpwa wake. Haya yamesalia katika karatasi zilizotunzwa kwenye sinagogi la Kairo. Kumhusu Ashu mwenyewe zinasema machache, na mimi kila mara huwaza yeye alibaki na nini chombo kilipong'oa nanga.

Ndoa ya ng'ambo huwa na siasa pia. Muhammed bin Juma, babake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Mgeni aliyeoa hivyo hakuwa tena mgeni tu. Alikuwa na wakwe, na wakwe wana neno kwenye ushuru, kwenye ardhi na kwenye ugomvi.

Mwanamke wa ng'ambo wa Tembwe nimempa jina la Nyalinda. Nilimwandika mara ya kwanza kama mtego, mwanamke mrembo anayemla mume wa mwenzie. Nilifuta. Nyalinda ana mashua mbili za uvuvi, ndiye anayemfahamu mtoza ushuru, na bila yeye kikapu kimoja katika kumi kingekuwa viwili. Anaijua ile nyumba ya Kisondwe na anajua mrejeo unaanza lini. Wanawake hawa wawili hawajaonana, lakini kila mmoja anajua mapishi ya mwenzake, kwa sababu Tembwe husahau na kuomba chakula cha nyumba ile akiwa nyumba hii.

Usiufiche mgongo unaobeba

Hili nalisema kwa uchungu, kwa kuwa tunaotoka pwani tunapenda kuandika milango ya nakshi na vikombe vya kahawa. Mali haikutembea yenyewe. Mpagazi alibeba mzigo wa kama frasila mbili begani kutoka Tabora hadi Bagamoyo, kwa wiki na wiki. Wengi walikuwa Wanyamwezi waliolipwa ujira wao na kuijua kazi yao kwa fahari. Wengine walikuwa watu walionunuliwa, na pembe na watu viliuzwa na mikono ile ile. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaendelea miaka mingi baadaye.

Katika dunia yako, andika nani anabeba, analipwa nini, na anaweza kuacha kazi au hawezi. Kama hawezi, mfanyabiashara wako, hata awe mpole kwa wanawe kiasi gani, anaishi juu ya jambo hilo, na msomaji ana haki ya kuliona. Vikapu vya Tembwe hubebwa na watu wa mashimo ya chumvi, ambao hulipwa kwa chumvi, na hawana pa kuiuza ila kwake. Nimempa mmoja wao sura nzima. Jina lake Shindano.

Majina, watoto

Hapa nitakuwa mfupi. Kwetu jina la mtoto mara nyingi hubeba hali ya nyumba siku alipozaliwa, na kwa familia ya biashara hiyo ni kama daftari la pili. Tunu alizaliwa mwaka wa faida. Mashaka alizaliwa mwaka ambao chombo kilizama. Anayesikia majina hayo mawili amesharithi miaka ya nyuma bila wewe kuisimulia. Kisha gawa vipaji kinyume na matumaini ya baba: mtoto anayejua hesabu awe yule ambaye desturi haimpi ufunguo.

Jua nini kitatokea siku atakapokufa

Huenda hutaandika kifo chake. Hata hivyo kijue, kwa sababu kila mtu nyumbani anakijua na ameshapiga hesabu yake kimoyomoyo. Kwa sheria ya Kiislamu, urithi haugawanywi kabla madeni hayajalipwa, wasia hauvuki theluthi, na mume akiacha watoto, mke hupata thumni, yaani sehemu moja ya nane. Wake wakiwa wawili, wanagawana thumni hiyo hiyo. Tazama sheria moja inavyowaunganisha wanawake ambao hawajawahi kuonana. Kwingineko mambo yalikwenda vingine. Francesco Datini wa Prato, Italia, aliyefariki mwaka 1410, hakuacha mtoto wa ndoa, akaiachia mali yake nyingi maskini wa mji wake, na barua zipatazo 150,000 za biashara na nyumba yake zimehifadhiwa mpaka leo.

Kisondwe nimeweka sheria kali: deni hurithiwa na yule aliyeshika ufunguo wa bohari siku ya kifo. Ndiyo maana kaka yake Tembwe alikaa miaka yote bila kuutaka. Alipoanza kuuomba, Sijaona alijua kuna kitu amekisikia, na kwamba hakikuwa deni.

Zoezi: barua inayochelewa

Kabla hujaandika ukurasa wa kwanza wa hadithi, andika barua moja kutoka kwa anayebaki kwenda kwa aliyesafiri. Iwe fupi, karatasi ni ghali. Itie bei, mgonjwa mmoja, mdai mmoja, amri moja ya mume ambayo haikutekelezwa, na jambo moja ambalo mwandishi analijua na msomaji wake hajalijua. Itafika miezi mitano baadaye, kwa hiyo lolote atakalolijibu litakuwa limeshapita. Ikikushinda, rudi kwenye hesabu, kuna tarakimu hujaiweka. Mimi niliandika kumi na moja, na hii ndiyo iliyobaki.

"Kwa Tembwe, aliye ng'ambo.

Sisi wazima. Mashaka ana kikohozi, kinapungua. Mzee Ngole amekuja mara tatu kuuliza habari ya fedha yake. Mara ya tatu hakuketi. Vikapu kumi na viwili vya nyuma vilipata maji, nimevianika darini, vinane vimepona. Nimeviuza kwa pete nne. Uliniagiza saba, lakini uliniagiza kabla watu wa Mivungu hawajaleta chumvi yao.

Wanaomposa Tunu wanataka jibu kabla ya kimya. Nimewaambia baba yake atasema akirudi, nao wakanitazama mimi.

Ndugu yako amekuja kuuomba ufunguo wa bohari, anasema wewe ndiye uliyemtuma. Hukuniandikia hivyo. Nimebadilisha kufuli."